Kufundisha watoto piano nyumbani: kuanzia ala na chumba hadi mtihani wa kwanza

Mtoto wa miaka sita hukaa na mwalimu wake wa piano nusu saa kwa wiki. Siku sita zinazobaki yuko peke yake na kinanda chake, na huko ndiko mkono unakojengwa au kuharibika. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwalimu anayefundishia nyumbani ni kumwandaa mtoto ili Jumanne jioni, akishamaliza kazi za shule, ajue akae vipi, aanzie wapi na aache wakati gani. Kupiga vizuri mbele ya mwalimu siku ya Jumamosi kutafuata. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Ala ya mwalimu na ala ya mtoto

Kwa mwalimu, chaguo la busara katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ni piano ya umeme yenye vitufe 88 vizito, yaani vitufe vinavyorudisha uzito kidogo kidoleni kama vya piano ya nyundo (ile isiyotumia umeme, ambayo nyundo hugonga nyaya), na vinavyotoa sauti ndogo au kubwa kulingana na nguvu ya kidole. Iwe na pedali na stendi isiyotikisika. Stendi ya mkasi yenye umbo la X huyumba mtoto anapopiga kwa nguvu, na miguu yake huzuia magoti ya mtoto. Ukiweza, nunua stendi ya mbao au meza imara. Uso wa vitufe uwe takriban sentimita 72 kutoka sakafuni.

Mtoto anayeanza anaweza kutumia kinanda cha vitufe 61 kwa miezi sita hadi mwaka, mradi vitufe viwe vya ukubwa kamili na vitofautishe mguso mwepesi na mzito. Pima kwa rula kutoka ukingo wa kushoto wa kitufe cha C hadi ukingo wa kushoto wa C inayofuata: upate karibu sentimita 16.5. Vinanda vya kuchezea vyenye vitufe vyembamba humfundisha mtoto umbali wa uongo, na kuufuta huchukua muda mrefu kuliko kuujifunza. Kama nyumbani kwao hakuna ala yoyote, usianze masomo. Kinanda cha kuchora kwenye karatasi kinafaa kwa kujifunza majina ya vitufe na namba za vidole, lakini hakifundishi sikio wala mguso.

Kabla ya kulipia kinanda cha mtumba, bonyeza kila kitufe kuanzia kushoto hadi kulia kwa nguvu ileile, kisha rudia polepole sana. Kitufe kinachopaza sauti kubwa hata ukikigusa kidogo, au kinachonyamaza mara moja moja, kina vumbi au mpira uliochakaa chini yake. Vikiwa viwili vitatu fundi anaweza kuvisafisha. Vikiwa vingi, kiache. Halafu angalia adapta. Volti zake lazima zilingane na zilizoandikwa nyuma ya kinanda, na alama ya chanya na hasi pia, kwa sababu kuna vinanda ambavyo ncha ya katikati ya plagi ni chanya na vingine ni hasi. Adapta inayoingia vizuri kwenye tundu si lazima iwe sahihi, na vinanda vingi vizima vimeungua kwa sababu hiyo. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, linda ala kwa kifaa kilekile watu wanachofungia friji, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme.

Piano ya nyundo ina utamu ambao spika haiutoi, lakini pwani inataka matunzo. Unyevu huvimbisha mbao, vitufe vikakwama, nyaya zikashika kutu na ala ikatoka kwenye tuni. Iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na njia ya hewa ya kiyoyozi. Kagua mchwa miguuni na panya ndani, maana panya hupenda feliti za nyundo kwa kujengea viota. Itunishwe angalau mara mbili kwa mwaka, sauti ya A iwe hertzi 440, na usimwite fundi katikati ya masika. Subiri wiki chache baada ya mvua ili mbao zitulie.

Kiti, miguu na mwanga

Mkao huamua mambo mengi ambayo walimu huyalaumu vidoleni. Mkalishe mtoto kwenye nusu ya mbele ya kiti. Vidole vikiwa juu ya vitufe, kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu kidogo. Kiti kikiwa chini mno, mabega hupanda na viganja huning'inia. Usiongeze urefu kwa mito, maana huteleza na kubonyea; tumia vipande vya mbao vya sentimita mbili mbili, au mkeka mgumu uliokunjwa. Ili kupata umbali, mwambie akunje ngumi na kunyoosha mikono mbele: ngumi ziguse ubao ulio nyuma ya vitufe bila yeye kuinama.

Miguu isibembee. Mtoto ambaye miguu yake haigusi chini hutafuta uthabiti kwa kukaza mgongo na viganja, na hapo mkono hauwezi kulegea hata umwambie mara mia. Kisanduku imara cha mbao chini ya miguu kinatosha. Huu ni ugunduzi wa dakika moja unaobadilisha sauti yote, na mzazi anapaswa kuwa na kisanduku kama hicho nyumbani pia.

Kiti cha mwalimu kiwe upande wa kulia wa mtoto, nyuma kidogo. Taa itoke pembeni, isitoke nyuma yenu, maana kivuli chenu kitaangukia nota. Sakafu ya vigae hufanya sauti irudirudi. Mkeka na pazia nzito hupunguza. Mlango ubaki wazi, au mzazi akae chumbani. Unapotaka kurekebisha mkono wa mtoto, muulize kwanza kama unaweza kumshika. Liwe ni jambo la kila somo, na mzazi alielewe tangu siku ya kwanza.

Kikao cha kwanza

Kabla ya kumpokea mwanafunzi, kaa naye dakika 20 pamoja na mzazi. Mpigie makofi mapigo manne na umwombe ayarudie. Imba sauti tatu umsikie akizifuata. Mwulize mkono wa kulia ni upi, na kama anajua herufi kuanzia A hadi G. Mpe kazi moja ya kitufe uone anaweza kuishikilia kwa dakika ngapi bila kuondoka. Hakuna jibu linalomfukuza mtoto. Majibu yanakuambia mahali pa kuanzia. Mtoto wa miaka mitano asiyetulia dakika kumi anaweza kuanza kwa kuimba, kupiga makofi na kucheza na vitufe vyeusi, na karatasi ya nota ikasubiri.

Kwa mzazi swali kubwa ni moja: ni nani atakayekaa na mtoto huyu dakika kumi, siku tano kwa wiki, na saa ngapi? Ikiwa ni dada wa kazi au kaka mkubwa, basi huyo ndiye anayepaswa kuwepo mwishoni mwa kila somo.

Wiki kumi na mbili za mwanzo

Wiki ya kwanza na ya pili, usifungue kitabu. Mtoto aone kwamba vitufe vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, na avitafute kote kwenye ala, vizito kushoto, vyembamba kulia. Mpe namba za vidole: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, cha mwisho 5, kwa mikono yote miwili. Kisha piga kifungu kifupi kwenye vitufe vyeusi, naye akirudie. Vitufe vyeusi peke yake vina sauti tano zisizogombana, kwa hiyo mtoto anaweza hata kubuni wimbo wake huku wewe ukimsindikiza chini. Apige kwa kidole cha 3 pekee, mkono mzima ukidondoka na kuinuka. Usidai vidole vitano vilivyounganishwa sasa. Kanuni ya mkono mzima kwanza, kidole baadaye, ndiyo inayozuia ubishi wa viganja vilivyokaza.

Wiki ya tatu na ya nne ni majina ya vitufe vyeupe. D iko katikati ya vyeusi viwili. C iko kushoto kwao, E kulia. F iko kushoto kwa vyeusi vitatu, B kulia kwao. G na A zimo katikati. Afunzwe kwa kutafuta: "Nionyeshe D zote." Hapa ndipo wazazi wengi hubandika stika zenye herufi kwenye vitufe vyote. Zizuie. Mtoto husoma stika, hasomi ala, na siku zikibanduka hajui kitu. Kama lazima, bandika kwenye C ya kati pekee kwa wiki mbili. Vivyo hivyo, usiandike jina la kila nota kwenye kitabu.

Mapigo yaingie mwilini kabla ya kuingia machoni. Hesabu ya "moja, mbili, tatu, nne" inafaa kwa nota za pigo moja moja, lakini ukifika kwenye nusu pigo inaweza kumchanganya mtoto. Tumia "ta" kwa pigo moja, "ta-a" kwa mapigo mawili, na maneno ya silabi mbili kama "ba-ba" kwa nusu mbili. Atembee chumbani kwa mapigo huku akitamka, kisha apige makofi, na mwisho kabisa apige kitufe.

Kuanzia wiki ya tano leta mistari mitano ya nota, pamoja na ufunguo, ile alama iliyo mwanzoni mwake. Badala ya kukariri nota zote, mpe vituo vitatu: C ya kati, G ambayo ufunguo wa juu huzunguka mstari wake, na F iliyo kati ya nukta mbili za ufunguo wa chini. Nota nyingine zote azisome kwa umbali kutoka kituo: kutoka mstari hadi nafasi inayofuata ni hatua moja, kutoka mstari hadi mstari ni kuruka kitufe kimoja cheupe. Mtoto anayesoma kwa umbali huona umbo la wimbo. Anayekariri majina moja moja hukwama kila nota.

Watoto wanaojua solfa

Kanisani, watoto wengi wa Tanzania na Kenya tayari wanaimba kwa solfa, mfumo wa do, re, mi ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakauleta huku. Hii ni hazina, usiitupe. Mtoto au mzazi anayesoma d, r, m tayari anasikia umbali kati ya sauti, na nukta mbili za wima zinazotenganisha mapigo zimeshamfundisha mizani.

Matatizo ni mawili. La kwanza: do ya solfa huhama, C haihami. Mwalimu akifundisha kwamba do ni C siku zote, mtoto atachanganyikiwa siku wimbo unapoanzia G. Andika juu ya kila wimbo "do = C" au "do = G", na upige wimbo uleule sehemu zote mbili ili asikie kwamba umebaki kuwa wimbo uleule. La pili ni la maandishi: d ndogo ni do, lakini D kubwa kwenye do = C ni re. Kubaliana na mtoto kwamba herufi kubwa ni za vitufe, na solfa huandikwa kwa penseli ya rangi chini ya nota. Mzazi anayeimba kwaya apewe mstari wa solfa kwenye daftari. Ataweza kumrekebisha mtoto nyumbani hata kama hajui kitufe hata kimoja.

Dakika thelathini za somo

Dakika 5 za kwanza sikiliza kazi ya nyumbani bila kukatiza. Dakika 5 zinazofuata muwe mbali na ala: makofi, kuimba, kutambua sauti. Kisha dakika 10 za jambo jipya, moja tu. Halafu dakika 5 ambazo walimu wengi huziruka: mtoto aigize Jumanne. Akae kama nyumbani, asome daftari lake, afanye zoezi kama ilivyoandikwa, nawe unyamaze. Asipojua aanze na nini, maandishi yako hayakuwa wazi. Yaandike upya palepale. Dakika 3 ni za msimamizi wa nyumbani, na 2 za kubadilishana na mtoto anayefuata.

Watoto wa miaka minane na kuendelea huhimili dakika 45. Usiwaweke ndugu wawili kwenye somo moja ili kuokoa muda. Mdogo atamwiga mkubwa kwa sikio na hatasoma.

Daftari lisiandikwe "fanya mazoezi ukurasa wa 12". Andika hivi: "Ukurasa wa 12, mstari wa kwanza tu. Mkono wa kulia mara 3 polepole ukisema namba za vidole. Mkono wa kushoto mara 3. Mikono usiiunganishe bado. Maliza kwa wimbo wa wiki jana mara 1." Hiyo ni kazi ya dakika kumi, nayo inatosha. Mtoto anayepewa saa moja huanza kupiga wimbo wote mara kumi na makosa yaleyale, na makosa nayo hujifunzwa kwa kurudiwa. Umeme ukikatika, kinanda chenye sehemu ya betri kinaendelea. Wengine wapige vidole mezani wakiimba majina ya nota.

Kinachoharibika mkononi, na sababu yake

Kiungo cha mwisho cha kidole kikibonyea kwa ndani, usipige kelele "kunja vidole". Viungo vya mtoto mdogo bado ni laini, na kidole kinabonyea kwa sababu kinasukuma peke yake. Mrudishe kwenye mkono unaodondoka: kidole cha 3, gumba likiegemea kiungo chake cha mwisho kama mhimili, nota nne, kisha pumzika. Kidole cha 5 kikilala ubavu, mara nyingi kiganja kimeinamia nje. Kisogeze kiwiko mbali kidogo na mbavu. Gumba likining'inia nje ya vitufe, mtoto ameketi mbali au mkono uko nyuma mno. Mabega yakipanda, angalia kiti kwanza.

Mtoto anayeangalia vidole muda wote funika mikono yake kwa kanga na umwombe apige nota nne tu. Watoto hulipenda zoezi hili, na sikio hufanya kazi mara moja.

Kwa kuunganisha mikono, kabla ya kulaumu vidole jua kwamba ugumu uko kichwani. Fuata mpangilio huu, kila hatua siku yake:

1. Mkono wa kulia upige, wa kushoto upige pajani kwa mapigo yake.
2. Badilisha.
3. Mikono yote ipige mezani.
4. Mikono yote kwenye vitufe, lakini hadi nota ya kwanza ya kipimo cha pili tu (kipimo ni sehemu iliyo kati ya mistari miwili ya wima), kisha simama.
5. Anzia hapo aliposimama, hadi nota ya kwanza ya kipimo kinachofuata.

Kusimama baada ya mstari wa wima, si kabla yake, ndiko kunakofunga kiungo kati ya vipimo. Mwalimu anayemsimamisha mtoto mwishoni mwa kila kipimo humjengea pengo ambalo litasikika hata miezi baadaye. Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, iingie baada ya mikono kukubaliana.

Ada na ratiba

Toza ada kwa mwezi au muhula, mapema, kwa njia ya simu ili ibaki kumbukumbu. Andika kwenye karatasi moja: somo likifutwa saa 24 kabla hufidiwa, likifutwa siku hiyohiyo halifidiwi, na mwalimu akishindwa yeye hufidia daima. Siku za shule, muda unaofaa ni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni: watoto watatu wa nusu saa, na dakika kumi kati yao. Ukiweka wanne, wa nne atapata mwalimu aliyechoka.

Mtihani wa kwanza

Si kila mtoto anauhitaji. Kwa wanaotaka, ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina madaraja 1 hadi 8 na daraja la awali kabla ya la kwanza. Mtihani wa ana kwa ana una alama 150: nyimbo tatu za alama 30 kila mmoja, skeli na arpejio (sauti zinazopigwa kwa kupanda na kushuka ngazi, au kwa kuruka) 21, kusoma nota papo hapo 21, na zoezi la masikio 18. Kufaulu ni 100, sifa ya kati 120, sifa ya juu 130. Hesabu inaonyesha mahali walimu wanapopoteza: alama 60 ziko nje ya nyimbo, ilhali mara nyingi huandaliwa wiki ya mwisho. Dakika 2 za kusoma wimbo mpya mfupi ziwe kwenye kila somo tangu mwezi wa tatu.

Tangu 2020 kuna pia mtihani wa kurekodi video, wenye nyimbo nne mfululizo bila skeli, unaowafaa walio mbali na kituo. Nyimbo zote zirekodiwe kwa mkupuo mmoja, bila kukata wala kuunganisha. Weka simu kwenye tripodi upande wa kulia wa mtoto, ioneshe uso, mikono na miguu kwa pamoja. Zima feni, fanya jaribio la dakika moja usikilize kama sauti kubwa zinakwaruza, na ukizisikia sogeza simu mita moja nyuma. Kabla ya kubonyeza kurekodi, iweke simu kwenye hali ya ndege, kwa sababu simu ikipigwa katikati ya wimbo wa tatu, mtoto itabidi aanze tena wa kwanza.